Gololi za Al-Sulay

Roselyne aliposikia ile sauti kwenye simu mara ya kwanza, alidhani ni mvua ya mawe juu ya mabati.

"Kwani Riyadh kunanyesha?" akamuuliza mumewe.

"Ni gemu tu," Vincent akajibu. Sauti ikazidi kumwagika nyuma ya maneno yake, kisha simu ikakatika bila kwaheri.

Roselyne alifanya kazi Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwa Bi Wahida, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Unguja na ambaye Kiswahili hakijawahi kumpotea mdomoni. Vincent alikuwa dereva wa Salem, mdogo wake Bi Wahida, mwenye ghala la spea za magari ya Kijapani huko Al-Sulay, Riyadh. Walipokubali kazi kwa ndugu hawa wawili walidhani wataonana mara kwa mara. Walipofika ndipo wakajua kwamba kati ya Jeddah na Riyadh kuna jangwa zima, na juu ya jangwa hilo kuna ruhusa za mabosi wawili. Binti yao, Maryann, walimwacha nyumbani, Chwele, kwa Eucabeth, mama yake Vincent.

Homa ilimshika Maryann ghafla. Kabla wazazi hawajaelewa kama ni homa ya kutisha au ya kupita, mtoto alikuwa ameaga dunia. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza nasari. Karatasi za kutoka nchini hazikuwahi, na kila mzazi akaangalia mazishi kwenye simu yake, mmoja jikoni, mwingine ndani ya lori. Mtu aliyeshika simu kule kaburini alikuwa akilia, kwa hiyo picha ilitikisika, na Roselyne hakuliona jeneza vizuri.

Tangu siku hiyo Vincent hakumwita tena Mama Maryann. Hakumwita jina lolote. Kwanza alipiga simu mara moja moja, halafu akawa hapokei. Roselyne alifikiri alichofikiri. Mume yuko mbali, hasemi naye, basi kuna mwanamke.

Bi Wahida ndiye aliyeona mboga zikiungua kila siku. "Nakwenda Riyadh posa ya mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Utafuatana nami. Ukamwone mumeo, mwanangu. Mambo haya hayaongeleki kwa simu."

Ijumaa baada ya swala, Salem akampeleka Al-Sulay kwa gari lake mwenyewe. Njiani alikuwa hana raha.

"Ile mashine ya gemu nimempa mimi," akasema. "Ilikuja ndani ya kontena, katikati ya spea. Kule Nagoya, nilipokuwa nikenda kununua mzigo, kuna majumba yamejaa kitu hicho, wanakiita pachinko. Watu wamekaa safu safu, hapana anayemtazama mwenzake. Unazungusha mkono wa mashine, gololi za chuma zinaruka juu, zinashuka kwenye misumari. Ikiingia moja tundu la kati, picha tatu zinazunguka. Zikifanana, mashine inatapika gololi, nao wanazibadilisha kwa zawadi. Sasa hii ya Vincent ni ya nyumbani, ya kuchezea kwenye tivii. Haina zawadi, haina kamari. Nilisema itamliwaza." Akapunguza mwendo. "Sijui nimemfanyia wema au ubaya."

Chumba cha Vincent kilikuwa nyuma ya ghala. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na kitanda, feni, na mtu aliyekonda ameketi juu ya katoni mbele ya tivii. Gololi za kuchorwa zilishuka kwenye kioo, zikigonga misumari ya kuchorwa, na mlio wake ukajaza chumba.

"Umekuja," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja."

Roselyne akaketi kitandani. Alikuwa amejiandaa kugombana, na ugomvi wote ukamwishia. Badala yake akauliza, "Inachezwaje?"

Vincent akampa kile kidude cha kuchezea na kumwekea kidole mahali pake. Ilikuwa mara ya kwanza kuguswa naye tangu waagane uwanja wa ndege. Roselyne akacheza. Picha zikazunguka, samaki watatu wakasimama sawa, muziki ukalipuka, sauti ya msichana wa Kijapani ikashangilia, na gololi zikamwagika hadi zikafunika nusu ya kioo.

"Umeshinda," Vincent akasema, uso mkavu.

"Nimeshinda nini?"

"Hakuna. Ndiyo uzuri wake. Unarusha, inaanguka inakotaka. Hakuna mtu atakuuliza ulikuwa wapi."

Hapo Roselyne akaelewa kwamba ni lawama ya kifo cha mtoto anayoikimbia, akaweka kidude chini. "Mkataba wangu unaisha. Bi Wahida amekubali niende. Bosi wako amesema hata wewe atakupa ruhusa. Twende nyumbani, Baba Maryann."

Aliposikia jina hilo Vincent akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Siwezi," akasema. "Hapa, nikizima tivii, naweza kusema mtoto yuko Chwele kwa mama, amelala. Nikienda nitaona kaburi. Nikiliona, halas, imekwisha, itakuwa kweli."

"Ni kweli, Vincent."

"Kwako."

Akaokota kidude, na gololi zikaanza tena. Roselyne akakaa naye mpaka Salem alipopiga honi. Wakati wa kuondoka alimshika kichwa, akakiegemeza kifuani pake, na Vincent akamwachia, lakini vidole vyake havikusimama.

Roselyne aliondoka nchini peke yake. Vincent yuko Al-Sulay mpaka leo. Anaendesha lori vizuri, Salem hana lalamiko naye. Zamani alipiga simu Krismasi. Siku hizi hapigi.

Roselyne alipofika Chwele, Eucabeth alimpokea mkazamwana wake langoni, akatazama nyuma yake barabarani, akaona hakuna mtu mwingine.

"Mwanangu?"

"Amebaki, mama."

Mama mkwe akamtua begi. Wakaenda nyuma ya nyumba, wakaketi kwenye nyasi kando ya kaburi la Maryann, kilima kidogo cha udongo, na Roselyne akasema, "Sasa niambie. Siku ya mwisho aliamkaje? Alikula nini? Aliniulizia?"

"Alikuulizia," Eucabeth akasema, akaanza kueleza kutoka asubuhi. Roselyne alilia kwa sauti, na kila mama mkwe aliponyamaza kwa kumhurumia, alimshika mkono na kumwambia aendelee.