Jiwe Chini ya Jiko Langu

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kator, na sikuwa na homa. Naanza na homa kwa sababu ndiyo wanayoniuliza kwanza. Mimi si msomi, niliishia darasa la sita kule Uganda tulikokimbilia vita, na mambo madogo huwa yananiponyoka. Mahali nisipokuwa na hakika, nitakwambia.

Haikuwa usiku pia. Wengi wangependa iwe usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Juba limekaa juu ya mabati, hata mbwa hawana hamu ya kubweka.

Lakini ujue neno moja kwanza. Hapa Juba mtaa unaitwa hai. Hai Jalaba, hai hii, hai ile. Siku niliporudi na Kiswahili changu kichwani, nilicheka peke yangu: kumbe huku mtu akiulizwa anakaa wapi, anaulizwa yuko hai gani, kama vile uhai uko wa aina nyingi. Baadaye nikazoea, nikaacha kucheka.

Kator ni hai ya zamani. Kengele ya kanisa kuu ndiyo saa yetu. Wako waliozaliwa hapa wasiondoke hata risasi zilipolia, wako waliorudi kutoka Khartoum, na sisi tuliotoka Uganda na Kenya. Katika uchochoro mmoja utasikia lugha nne kabla hujafika bombani. Ua wa mabati umeshikana na ua wa mianzi, na ukiuliza mpaka uko wapi kila mtu ananyoosha mkono upande wake. Zamani mipaka ilikaa vichwani mwa wazee, na wazee wengi walikufa ugenini.

Ndipo likaanza la Wani, jirani yangu. Alisema kiwanja chake kinafika kwenye mwarobaini, na mwarobaini uko nyuma ya nyumba yangu. Maana yake nyumba yote ni yake, na jiko ninalopikia chapati pia. Karatasi za mama yangu zilipotea njiani tukikimbia. Sultani wa mtaa, ndiye anayeamua kesi zetu, akasema atakuja Jumamosi kusikiliza.

Niwe wa haki kwa Wani. Miaka yote tulipokuwa hatupo alifyeka majani hapa, akafukuza waliotaka kujenga. Asingekuwa yeye, nisingekuta kiwanja. Lakini mdomo wake, jamani. "Ninyi mlikimbia, sisi tulibaki," aliniambia mbele ya wateja. "Ardhi inamjua aliyebaki. Wewe mama wa chapati, rudi Kampala ukapike."

"Kampala sijawahi kukaa," nikamjibu. "Nilikaa kambini. Na siondoki."

Nilisema hivyo, lakini chapati niliyokuwa nasukuma ikatoka na pembe.

Alhamisi, wateja wamekwisha, nilifunga geti kwa waya kama kawaida nikakaa kusugua vyombo. Nikainua macho. Bibi mmoja amekaa kwenye benchi langu. Amevaa lawa, ile shuka wanayofunga begani, ya bluu iliyopauka, na ndewe ya sikio lake la kushoto imepasuka. Nilifikiri nimesahau kufunga geti. Wewe ungefikiri nini?

Nikampa maji. Alishika kikombe muda mrefu, akanirudishia. Kilikuwa kimejaa vilevile. Niliona, lakini wazee wengine hawataki maji baridi.

"Unapika juu ya jiwe letu," aliniambia kwa Kiarabu cha Juba. Akaonyesha chini ya sigiri yangu ya makaa. "Mimi nilisagia upande huu, mama yake mama yako upande ule. Chimba."

Nikaogopa kumkosea heshima. Nikamwita haboba, ndiyo bibi kwa hapa. "Haboba, unakaa hai gani?"

Akatabasamu kidogo. "Ana ma fi hai."

Nikalichukua kama lilivyo: simo katika hai, yaani hakai mtaani, labda anatoka ng'ambo ya mto. Nikageuka kuondoa sufuria motoni. Nilipogeuka tena benchi lilikuwa tupu, na geti limefungwa kwa waya, kwa ndani, mizunguko mitatu. Mitatu au minne, hapo sina hakika.

Niliandika yote katika daftari langu, maana nina tabia hiyo.

Ijumaa akaja Mwalimu. Ni dada Mkenya anayefundisha shule ya karibu, anakula kwangu, na hunisahihishia Kiswahili cha daftari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa anasoma huku anatafuna. Akaacha kutafuna.

"Dada, hii umeandika makusudi?"

"Ipi?"

"Unamuuliza anakaa hai gani, yeye anakujibu, 'Siko hai.'"

"Si ndiyo alivyosema? Hakai mtaani."

Mwalimu akaweka chapati chini. "Kwa Kiswahili hiyo ni kusema amekufa," akasema taratibu. "Na nadhani kwa Kiarabu pia."

Nikamnyang'anya daftari, nikasoma mwenyewe katikati ya jua lile. Neno nililolicheka siku ya kwanza, ndilo nililoshindwa kulisikia lilipokuwa na maana.

Tulihamisha sigiri tukachimba. Kwa kina cha mkono tukakuta jiwe la kusagia, pana, lina mabonde mawili yaliyochimbwa na mikono ya wanawake wawili walioketi wakitazamana, kila mmoja kwenye kiwanja chake. Jiwe lilikuwa ndio mpaka wenyewe. Nyumba yangu ilikuwa upande wangu, salama. Lakini jiwe lilikuwa katikati ya jiko. Nusu ya jiko langu ilikuwa kwa Wani.

Mwalimu alipima kwa macho. "Hatua nne tu," akanong'ona. "Lisogeze mpaka nje ya ukuta. Nani atajua?"

Naandika hili kwa aibu: nilichukua mtaimbo, nikalisogeza. Shibiri moja. Halafu nikaona nimeketi pale alipoketi yule bibi akisaga, na mikono yangu imelala ndani ya bonde lake. Nikalirudisha. Kama nilikosea, nilikosea upana wa kidole kimoja, na sijui upande gani.

Jumamosi Sultani alikuja na watu wa mtaa. Wani akaliangalia jiwe, akacheka. "Jiwe limezaliwa jana."

"Nani alikuonyesha?" Sultani akaniuliza.

Nikasema ukweli wote, na watu wakaanza kunong'ona kwamba nimerukwa na akili. Nikaendelea. Lawa ya bluu. Sikio la kushoto lililopasuka.

Wani aliacha kucheka. Akachuchumaa, akatia kiganja katika bonde la upande wake. "Haboba yangu," akasema. "Hereni ilimchana akibeba kuni. Tulimzika kabla ninyi hamjakimbia. Wewe hukumjua."

Ni kweli. Sikumjua.

Sultani akaamua: nyumba ni yangu, nusu ya jiko ni ya Wani. Wani akataka ukuta wa jiko uvunjwe siku ileile. Wanawake wakaanza kunihurumia, nikawakataza. Nilichukua mtaimbo uleule, nikauvunja mwenyewe, tofali kwa tofali, naye amesimama akiangalia. Sikumpa nafasi ya kuniona nikilia.

Leo napikia chini ya mabati mawili, mvua ikinyesha inanilowesha mgongo. Wani hanisalimu. Jiwe liko wazi kati yetu. Kila siku saa nane naweka kikombe cha maji upande ule wa bibi. Maji hayapungui. Lakini asubuhi moja moja nakuta bonde lake limefutwa vumbi, la kwangu bado. Labda ni Wani. Sijamuuliza, wala sitamvizia.

Wewe unayesoma, ukija Kator ukamuuliza mtu anakaa hai gani, sikiliza jibu kwa masikio yote mawili. Na akikujibu kama nilivyojibiwa, usikimbie. Kaa, umsikilize, hata atakapokuambia jambo litakalokugharimu ukuta. Sisi tulikimbia mara moja, tukakuta wengine wanatuambia mipaka yetu. Mimi ukiniuliza jibu langu ni fupi: mimi ni wa hai hii, na niko hai, na siondoki.