Trakta Ilivyobomoa Matuta Yangu

Wacha niwaambie, mimi ni mtu wa kucheka, hata kanisani naambiwa nipunguze. Lakini hii ya trakta haikunichekesha.

Shamba yangu iko Kalama, kwa mteremko. Matuta yake tulichimba na mwethya, sisi wamama wa kijiji, leo kwangu, kesho kwako, tukitupa mchanga upande wa juu wa mtaro na kupanda nyasi ya napia ishike ukingo. Hayo matuta yamenilisha mbaazi hata mwaka mvua imekataa.

Sasa kijana yangu, yule anafanya kazi ya ofisi Athi River, akangoja niende matanga Wamunyu, akaleta trakta. Kurudi, nakuta shamba imelainika kama kitanda ya hoteli! Matuta hakuna. Napia imelala huko, mizizi juu.

“Mwaitu, nilitaka ufurahi,” ananiambia, anatabasamu. “Trakta haiwezi geuka kwa hayo matuta.”

“Na wewe ukaona afadhali trakta igeuke, mama yako alale njaa?”

Mvua ndiyo ilinijibu. Siku hizi mvua haiji polepole kama ya zamani. Inakaa mbali mpaka tunaisahau, halafu inamwagika yote asubuhi moja. Ikachukua mbegu nilikuwa nimepanda, ikachukua ule mchanga mweusi wote wa juu, ikapelekea jirani yangu wa chini. Huyo mzee naye hana aibu. Alikuja mpaka kwa ua: “Asante mama, mbolea imefika!”

Nilikasirika mpaka Kiswahili ikaisha, nikamjibu na Kikamba.

Nikaita mwethya. Wamama wakakuja na majembe, na kijana nikamweka mbele yao kwa mtaro. Akaanza kutupa mchanga chini, kwa sababu chini ni rahisi. Wakapiga kelele: “Juu, bwana ofisi! Ama bado unamlimia mzee?” Wakamwimbia hiyo tumbo yake ya ofisi mpaka jasho ikamtoka kwa masikio. Chakula ya mwethya pia alipika yeye, isyo ya mahindi na maharagwe, ikaungua. Tukakula tukimcheka.

Mvua ya pili ilikuta mtaro uko tayari. Maji ikasimama hapo, ikaingia chini polepole. Nikapanda tena, lakini kwa mchanga nyekundu. Ule mweusi uko kwa mzee, na mbaazi yake imepita yangu kichwa na mabega.

Kijana ananiambia, “Mwaitu, si matuta imerudi?”

Matuta imerudi. Mchanga je?