Kibano na Gundi ya Makopo Mawili

Jina la Kibano alipewa karakanani kwa sababu ya vibano vyake vya chuma. Akishavikaza kwenye mbao, hata shetani angeomba msaada kuvilegeza. Kwa miaka mingi hakuna mashua ya tanga iliyotengenezwa pale bila yeye kuulizwa itumike gundi gani, naye alijibu bila kufikiri, maana aliijua moja tu: ile ya kahawia, ambayo isipobanwa kwa nguvu zote haishiki.

Kisha akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, na Kibano mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Haya, kajitakia! Haukupita muda watu wakawa wanampita Kibano kama hawamwoni, wanakwenda kwa shemeji. Bwana yule aliuliza kwanza: mbao itakaa ndani au nje? Italowa? Viungo vimekutana vizuri au vina mwanya? Ndipo achague gundi. Eti hayo nayo maarifa!

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Mdogo wangu fundi kwelikweli," mkewe alisema mezani. "Nasikia leo tajiri wa karakana kamsifu mbele ya wote."

"Basi na aolewe na tajiri," Kibano akajibu.

Roho ilimuuma zaidi siku mzee mmoja, mteja wake wa tangu zamani, alipohitaji mpini mpya wa usukani wa mashua yake. Mipini yake yote aliitengeneza Kibano. Safari hii mzee alimpita, akamkabidhi shemeji.

Shemeji akachanganya gundi ya makopo mawili, akabandika mbao nyembamba moja juu ya nyingine, akazishika kwa vibano kidogo tu, akaenda kunawa. Kibano akavitazama vile vibano. Vimelegea! Huyu ndiye anayesifiwa? Akavikaza kimoja kimoja mpaka gundi ikachuruzika sakafuni, akaifuta kwa tambara. Alijiambia kwamba mpini ule ukishika, utakuwa umeshikwa na mkono wake.

Mpini haukushika. Mzee alirudi akivutwa kwa kamba na boti ya watu, vipande viwili mkononi, hasira puani.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema fundi mmoja, na karakana nzima ikacheka. Kibano alicheka kuliko wote.

Shemeji akavichukua vile vipande, akapitisha kidole palipoachana. Mbao kavu, gundi hakuna. Pembeni akaona alama za chuma zilizozama ndani ya mbao. Akamtazama Kibano, mara moja tu.

"Kosa langu, mzee," akasema. "Gundi hii haitaki kubanwa sana, inakimbia yote nje. Nilikaza kupita kiasi. Nitakutengenezea mwingine."

Hasira ya mzee ikashuka.

"Fundi anayekubali kosa ndiye ninayemtaka," akasema. "Utengeneze wewe huyohuyo. Na kuanzia leo, mashua yangu asiiguse mwingine."

Wenzake wakampiga shemeji mabegani. Kibano alibaki kando, kicheko kimemkauka mdomoni. Aibu ingekuja baadaye. Kwa wakati ule alimwonea wivu hata kwa lile kosa, maana lilikuwa lake yeye, Kibano.