Bomba la Gesi Chini ya Chumba cha Mama

Nyumba yangu ya Jomvu Kuu ilikuwa na kuta na paa, sakafu haina, na mimi nilikuwa nimeichoka kabla sijalala ndani yake hata siku moja. Kila nikitoka kazini, kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, nilipitia kwa mafundi kuangalia wamefanya nini, na kila siku walikuwa wamefanya nusu ya walichosema. Viatu vyangu vya ofisini viligeuka vyeupe kwa saruji. Watu wakiniuliza habari za ujenzi nilisema nzuri, ili tuachane.

Lakini jambo moja sikutaka lifanywe nusu, nalo ni gesi. Mimi na mama tulikuwa tumepanga chumba kimoja Chaani. Mtungi wa gesi mwenye nyumba hakutaka hata kuuona, kwa hiyo miaka yote mama alipikia makaa kibarazani, na kifua kikaharibika. Daktari alisema moshi basi. Nikamwahidi mama kwamba kwenye nyumba mpya atapika bila moshi: mitungi itakaa nje, nyuma ya nyumba, na bomba la shaba litapita chini ya sakafu mpaka jikoni. Kwa mama, kupika ndiyo kazi na ndiyo raha. Ukimnyang'anya sufuria umemmaliza.

Mafundi wa sakafu walipanga kumwaga zege Jumatatu. Zege likishamwagwa limemwagwa. Bomba likilazwa vibaya, itabidi uvunje sakafu kulifuata. Basi Jumamosi mchana nikamwita fundi wa gesi, na mama akasema naye anakuja, anataka kuona chumba chake.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Kila jambo alilianzia Nyali, kwamba kule Nyali majumba makubwa yote gesi kaweka yeye. Akamwamkia mama vizuri, akachukua chokaa, akachora mstari juu ya kifusi kutoka ukuta wa nyuma moja kwa moja hadi jikoni. Mstari ukapita katikati ya chumba cha mama.

"Yaani chini ya kitanda?" nikauliza.

"Ndiyo njia fupi, dada. Tukizungukia nje, bomba litakuwa refu na kona nyingi."

Nikaliangalia bomba alilokuja nalo. Vipande viwili. Maana yake angeviunga, na kiungo kikae chini ya zege, chini ya mama yangu. Kichwa kikaniwaka. Mimi si fundi, lakini najua bomba huanza kuvuja penye kiungo. Nikamwuliza, kile kiungo kikilegea, nani atajua? Akacheka kidogo, ananituliza.

"Gesi imetiwa harufu makusudi, dada. Ikivuja, atakayelala humu ndiye wa kwanza kuisikia."

Mama alikuwa ameketi juu ya tofali karibu na dirisha. Hakupandisha sauti.

"Wa kulala humu ni mimi," akasema, "na mimi sisikii harufu."

Nikamwuliza harufu gani. Akasema yoyote. Tangu ile homa iliyotupata sote wawili, ile iliyotutoa ladha mdomoni. Yangu ilirudi baada ya wiki chache. Yake haikurudi, akanyamaza nayo, mwaka wa tatu sasa, na sisi tunalala chumba kimoja.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia mama yangu mbele ya fundi.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikataza kupika."

Na kweli ningemkataza. Hapo ndipo nikaanza kukumbuka. Aliponiita ninuse maziwa kama yamechacha, nilidhani ananisumbua tu. Aliponiuliza kama vitunguu vimeiva, na mimi ndio kwanza naingia na mkoba begani, nilimjibu, "Si unaviona mwenyewe?" Nimemjibu hivyo mara nyingi, na nikikumbuka naona haya.

Fundi naye akaacha habari za Nyali. Akaufuta mstari kwa mguu. Akasema atazungusha bomba nje ya ukuta, ili likivuja gesi ichukuliwe na upepo. Chini ya sakafu lingepita jikoni tu, kipande kimoja kisicho na kiungo, ndani ya bomba jingine pana la plastiki. Na king'ora cha gesi angekifunga chini kabisa ukutani, kwa kuwa gesi hii ni nzito, hutambaa sakafuni. Kumbe kazi anaijua, akitaka.

Kisha akauliza koki ya kufungia gesi iwe wapi. Iwe ndani jikoni, bomba litokeze sakafuni kando ya mlango? Au iwe nje kwenye mitungi, ndani ya kizimba chenye kufuli? Lazima ajue kabla ya zege.

"Nje," nikasema. "Ufunguo nitakaa nao mimi."

Mama alielewa haraka kuliko fundi. Mimi hutoka alfajiri na kurudi jioni. Ufunguo ukiwa kwenye mkoba wangu, jiko lake litakuwa pambo. Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Haya, mwanangu. Nyumba ni yako."

Jumapili tulirudi Chaani kutoka kanisani tumechoka. Akawasha makaa. Siku zote mimi huingia ndani nikajinyoosha, lakini siku hiyo nilivuta kigoda nikakaa kumtazama. Akatia vitunguu, akainamisha sikio. Mafuta yalipobadili mlio, akakoroga. Akavibonyeza kwa mwiko kujua kama vimelainika. Akageuka pembeni kukohoa, akarudi. Halafu akaniangalia usoni, si kwenye sufuria, usoni kwangu, na nikajua kwamba miaka hii yote amekuwa akipika kwa kuisoma sura yangu, na mimi namletea sura iliyochoka.

"Vimeiva?" akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukafika Jomvu kabla mafundi hawajaanza kuchanganya zege. Nilikuwa nimechoka kukasirika, nimechoka na kuogopa, na najua woga wenyewe hauishi hapo. Nitakuwa yadini na roho iko nyumbani. Sina dawa ya hilo. Nikamwambia fundi wa gesi koki iwe ndani.

"Kimo gani?" akauliza.

Nikamwambia amwulize mwenye jiko. Mama akasimama kando ya mlango, akanyoosha mkono, akaweka kiganja ukutani, na fundi akapiga alama ya penseli pale pale.