Asali Iliyogawanywa Ikaisha

Wenzangu, leo nimeuliza swali la hesabu, nikafiwa mara ya pili.

Mjukuu wangu Koku alikuwa akiwafundisha wenzake wa shule ya kati kugawa desimali. Nukta tano gawanya kwa nukta moja, eti jibu tano!

“Mwongo,” nikasema. “Kitu ukikigawa kinapungua.”

“Hapana, Bibi. Tunauliza hiki kidogo kinaingia mara ngapi katika kile.”

“Basi nionyeshe kwa kitu. Maneno siyali.”

Nikaenda jikoni kugeuza ndizi.

Niliporudi, watoto watano walikuwa wanaramba majani ya mgomba. Koku kashika kibuyu kilichokuwa na asali nusu, na upawa ambao ukimimina mara kumi hukijaza.

“Bibi, upawa umeingia mara tano! Na hakuna baki!”

Jamani.

Ile ndiyo asali ya mwisho aliyorina mume wangu kabla hatujamzika. Nikizidiwa na upweke huionja kwa ncha ya kidole. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nikaramba kibuyu kitupu mbele yao, nikalia.

Nyie mngefanyaje?

Haya anayaandika Koku mwenyewe, machozi yanamdondoka. Koku, andika na hili: babu yako naye hakujua kula asali peke yake.