Dakika Nane za Kwanza za Vasant Dhuri

Siku watu wa Kalyan walipomtunza mzuka, Vasant Dhuri alikuwa amekaa kiti cha mwisho ukumbini, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Yalikuwa maonyesho ya saa tisa mchana, mwaka 1979. Filamu aliyoihariri ilikuwa haijatoka rasmi. Tajiri wake, Motiram Jhaveri, aliileta kwanza katika mji ule wa pembeni ya Bombay aone watu wataipokeaje, na alikuwa amemwalika Bhau Lanjewar, mnunuzi wa filamu kutoka Nagpur, mtu mnene mwenye mdomo mchafu, aliyekuwa na kumbi za miji kumi na mmoja mkononi mwake.

Taa zikazimwa. Pazia la sinema likajaa moshi na mwanga mwekundu, ngoma zikapigwa, kisha zikaja njuga: chaka, chaka, chaka. Dakika ya kwanza tu mzuka wa mama mkwe ukajitokeza uso mzima, ukicheka juu ya bembea ya sebuleni.

Viti vya mbele vikalipuka kwa miluzi. Kwa watu wale, njuga zikilia kwenye filamu, mchezaji anaingia, na mchezaji akiingia hutunzwa kwa kurushiwa sarafu. Mwongozaji alikusudia kuwaogopesha, kumbe amewaalika harusini. Sarafu zikagonga pazia kama mvua ya mawe. Mtu mmoja akasimama juu ya kiti akaanza kutikisa kiuno, na wenzake wakampigia makofi hadi mwisho.

Nje, Lanjewar alijifuta machozi ya kicheko.

"Motiram-bhai, mzuka wako anaolewa lini? Nipe kadi mapema, mimi sikosi pilau."

"Usinitanie, ndugu yangu."

"Nakutania nini? Mizuka ya wenzako inakimbiza watu. Wako unatunzwa!"

Jhaveri akamgeukia Dhuri. "Umeona? Jumatatu nampa filamu yule mhariri wa Bandra. Yeye ana jina."

Maneno hayo ya mwisho yalimkata Dhuri kuliko mkasi wake mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia katika vyumba vya kukatia filamu vya Dadar. Alifika kutoka Malvan akiwa hajui hata kushika mkanda, akafagia, akabeba makopo, akajifunza kwa macho. Siku hizo kazi ilikuwa kazi. Mtu alivaa glavu nyeupe mkononi, akauinua mkanda kwenye taa, akakata, akakwangua, akapaka gundi, akaunga. Ukikosea, kosa lilibaki pale na alama ya mkasi wako. Ndiyo maana watu walifikiri kabla ya kukata. Leo kijana anabonyeza kitufe cha kompyuta, hajapenda, anabonyeza tena, na mchana wote unaisha bila wazo moja kumpita kichwani.

Lakini hata katika siku hizo njema palikuwa na dhuluma zake. Dhuri alikata filamu arobaini, na majina yaliyotokea mwanzoni mwa filamu yalikuwa ya mabwana wakubwa ambao yeye aliwapashia viti joto. Yeye alikuwamo katika herufi ndogo chini kabisa: "na wasaidizi." Zamani mkewe, Sumati, aliwapeleka watoto sinema, na maneno yale yakipita aliwanong'oneza, "Yule ni baba yenu." Dhuri alipolisikia hilo siku moja, aliacha kwenda nao.

"Tajiri," akasema pale nje, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe, "nipe siku tatu. Dakika nane za kwanza tu."

"Ufanye nini? Yule mama aliyecheza mzuka yuko Madras kwenye filamu nyingine. Filamu mbichi ya kupigia picha sina hata futi moja."

"Sihitaji kupiga picha mpya. Nitatumia kilichopo."

"Kilichopo si ndicho hiki kilichotunzwa?" Lanjewar akauliza.

"Wewe umeona kilichotumiwa, Bhau. Hujaona kilichotupwa." Kisha akamgeukia tena Jhaveri. "Ikifaulu, jina langu litokee. Peke yake, herufi kubwa, bila mtu mwingine. Wakipiga miluzi, nakukabidhi ufunguo wa chumba, narudi Malvan kukausha samaki."

Jhaveri akamnyooshea kidole. "Ijumaa, ukumbi huuhuu. Na hilo jina lichore, uliunge kabisa. Wakipiga miluzi utalikata mwenyewe mbele yangu."

Dhuri akajifungia. Chini ya misumari ya kutundikia mikanda kulikuwa na mfuko mkubwa wa kitambaa, na ndani yake mabaki: vipande vya kabla mwongozaji hajasema "anza" na vya baada ya kusema "basi." Wengine waliviona takataka. Dhuri alivipitia kimoja kimoja, kama mtu anayechambua dengu.

Akakuta bembea. Yule mama alikuwa amemaliza kucheka, ameteremka na kwenda zake kunywa chai, na kamera ilikuwa bado inazunguka. Bembea ilikuwa tupu, inakwenda na kurudi. Akakuta kipande kingine, bembea ileile imesimama tuli. Akamkuta yule binti aliyecheza mke wa mwana, ameshika ungo wa mchele, ametega sikio akingoja aambiwe aanze. Binti wa watu alikuwa akimsikiliza mwongozaji tu. Lakini ukiikata sauti ya mwongozaji, alikuwa akisikiliza kitu kingine. Mwisho akakuta jaribio la kigari cha kamera, kinasogea polepole kuelekea mgongo wa binti, mafundi wakipima kama magurudumu hayalii.

Vipande alikuwa navyo. Njia ndiyo iliyomshinda siku mbili nzima. Alitoa moshi, akatoa taa nyekundu, akatupa njuga zote, na bado hofu haikuja. Jioni ya pili alikula nyumbani bila kuinua kichwa.

"Sumati, watoto walipokuwa wadogo, ni nini kilikutisha humu ndani?"

"Swali gani hilo? Kula."

"Nijibu kwanza."

Sumati akafikiri. "Kelele hazikunitisha. Wakipigana, wakivunja vitu, mimi napika. Wakinyamaza ndipo nilipotupa mwiko nikakimbia."

Dhuri akaacha kula. Sumati akasema kwamba kama ni chumvi aseme, si kumkodolea macho. Asubuhi kabla ya saa moja alikuwa ameshafungua chumba chake.

Ijumaa ukumbi ulijaa, maana habari ilienea mjini kwamba yule mzuka mchezaji amerudi. Watu walikuja na sarafu mifukoni. Lanjewar alikaa kati ya Jhaveri na Dhuri, akitafuna tambuu.

"Leo nimekuja na chenji," akasema.

Taa zikazimwa. Hapakuwa na ngoma. Pazia likaonyesha nyumba ya kawaida saa ya mchana, jua limelala sakafuni, na binti amekaa chini anapepeta mchele. Nyuma yake, nje ya picha, mnyororo wa bembea unalia. Anapepeta, mnyororo unalia. Anaacha, na mnyororo unaacha.

"Sauti!" mtu akapaza viti vya mbele, kama walivyozoea kumpigia kelele mwenye mashine. "Sauti wewe, umelala?"

Dhuri akashika magoti yake. Hili ndilo aliloliogopa. Jhaveri alimgeukia gizani, naye hakumtazama.

Binti akapepeta tena. Mnyororo ukalia. Akaacha. Mnyororo ukalia mara moja zaidi, peke yake.

Hakuna aliyedai sauti tena. Dhuri alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi.

Ikaja bembea, tupu, inakwenda na kurudi. Mhariri mwingine angeitoa baada ya sekunde mbili. Dhuri aliiacha kumi na moja, na katika zile sekunde kila mtu alimkalisha bembeani mama mkwe wake mwenyewe. Ukaja uso wa binti, ametega sikio. Ikaja bembea tena.

Imesimama.

"Ameteremka," mwanamke mmoja akanong'ona kule kando, na ukumbi wote ukamsikia. "Jamani, ameteremka!"

Sasa kamera ikaanza kumsogelea binti mgongoni, polepole, bila muziki, kwa mwendo wa mtu mzima anayeumwa miguu. Hapo watu walisahau kwamba walikuwa wakitazama. Wao ndio waliokuwa wakitembea. "Geuka, mwanangu, geuka!" mzee mmoja akalia. Lanjewar alikuwa ameacha kutafuna.

Binti hakugeuka. Picha ikashuka kwenye ungo. Mkono wa kizee wenye bangili za kijani ukaingia taratibu kutoka pembeni, ukachagua jiwe moja kwenye mchele, kwa upole, kama mama mkwe anayemsaidia mke wa mwanawe kazi. Dhuri alikuwa ameuchukua mkono ule katikati ya filamu, mahali mama mkwe alipoonyeshwa akiwa bado hai, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa wa kutisha.

Giza.

Kelele zilizotoka zilifika barabarani. Wanaume wazima walikumbatiana. Mtu aliyetikisa kiuno siku ile alikuwa ameinua miguu juu ya kiti, asije akashikwa. Sarafu zilidondoka kutoka mikononi, zikabingirika sakafuni, wala hakuna aliyeinama kuziokota gizani. Na hapo ndipo, herufi nyeupe kwenye pazia jeusi, peke yake, bila bwana mkubwa juu wala mwenzake chini, likatokea: VASANT DHURI. Likakaa sekunde nne, likapita.

Jhaveri alikuwa anacheka na kumpiga Dhuri mgongoni kwa ngumi. "Muuaji wewe! Muuaji! Yule wa Bandra na afe njaa!"

Lanjewar alimeza tambuu yote, akakohoa. "Miji yote kumi na mmoja," akasema. "Na nataka nakala ya Pune pia, kabla hujampa mtu mwingine." Kisha akamgeukia Dhuri, akipangusa jasho. "Lakini kuna jina limepita pale sasa hivi. Ni la nani? Mimi nilikuwa nimefumba macho."

Dhuri akawatazama watu wa Kalyan, kiti kwa kiti, nyuso zimefichwa kwenye mabega ya jirani, viganja juu ya macho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelisoma. Akacheka mpaka akashika mbavu, yeye ambaye hakuwahi kuonekana akicheka ndani ya sinema.

"Ni la mtu aliyekufumbisha macho, Bhau," akasema.