Siboleti Haiko Kitunguu

Mama Victorine aliita imbwa yake Waseme. Kwetu Kasongo mutu hatoi jina ya imbwa bure: anaita kwa sauti, na jirani anasikia yenye inamuhusu. Bwana yake Marcellin alipokufa, tulisema mengi hapa kwenye barabara. Ya kwamba atarudi kwao Kabambare, hataweza kulala peke yake mu ile nyumba. Lisemwalo lipo, si ndiyo? Aka! Alienda Kabambare kweli, akarudi na kitoto ya imbwa mu kitunga, na jioni akasimama kwenye mulango: "Waseme! Waseme, kuja kula!" Akiniangalia miye, Mamy, jirani wa ng'ambo. Nilikasirika, weee!

Miaka ikapita. Hakuzaa, hakuolewa tena. Alilima siboleti, yale majani membamba ya kiungo, nyuma ya nyumba, akauza ku soko, na Waseme akalala mbele ya mulango wake. Sombe, majani ya muhogo, alipika nyungu moja tu, yake na ya imbwa.

Mwaka huu imbwa akaanza kulegea. Fizi zikakuwa nyeupe, mukojo ukageuka rangi ya chai kali. Victorine alinijia analia, yeye mwenye sikuona machozi yake hata ku matanga ya bwana. "Mamy, huyu akienda, nabaki na nani?"

Tukaita Papa Feruzi, muganga wa mifugo. Akaja na pikipiki, matope mupaka magotini, akafungua imbwa kinywa.

"Unamupatia kitunguu?"

"Mara moja moja, mu sombe."

"Uache kabisa, Mama. Kitunguu inaharibu damu ya imbwa."

"Na lumbalumba?"

"Lumbalumba ni majani ya kunukia tu, haina neno."

Kitunguu haikuingia tena mu nyungu yake. Ila mwenye kupungukiwa damu anatafutiwa majani, njo vile mama zetu walitufundisha. Basi akatwanga sombe na siboleti nyingi, akamulisha na mukono yake mwenyewe. Miye pia nilishika mutwangio.

Feruzi aliporudi, Waseme hakuweza tena kusimama. Akanusa sahani.

"Mama, nilisema nini?"

"Hakuna kitunguu mule!"

"Na haya majani?"

"Papa, hii haiko kitunguu. Hii iko siboleti."

Feruzi akaketi chini kando ya kinu. "Mama, siboleti na kitunguu ni ndugu moja. Sumu iko ile ile." Hakumukaripia. Angemukaripia nini? Siye wote tunaita ile majani siboleti, hakuna siku mutu aliita kitunguu.

Imbwa alikufa kabla ya jua kutua. Victorine aling'oa siboleti zote mupaka mizizi, tukamuzika pale.

Kesho yake sombe ikaiva. Akatoka na sahani, mazoea yakamushinda: "Waseme! Waseme, kuja kula!" Kisha akabaki amesimama vile vile. Barabara nzima ilisikia, na siye wenye midomo hatukupata la kusema. Nilivuka, nikamupokea sahani mukononi.